AMEZUIWA NI AMEZUIWA: Somo la Wakati Katika Vita vya Kadi

Na mwanachama, Kidato cha 3



Katika mkutano wa kwanza wa chama mwaka huu, mwalimu wetu mlezi aligawa mada za jarida. Wenzangu walipata methali, mashairi na wasifu wa waandishi. Mimi nikaangukiwa na viambishi vya wakati: -ki-, -po-, -me- na jamaa zao. Kusema kweli nilinuna. Nani atasoma habari za -po- wakati ukurasa wa pili kuna vichekesho? Lakini muhula wa pili yalinipata mambo ambayo yalinifanya nione kuwa kiambishi kimoja kinaweza kukushindisha au kukuangusha mbele ya watu. Mambo yenyewe yalitokea katika mchezo wa kadi, kwa hivyo nitaeleza mchezo kwanza na sarufi itajileta yenyewe.

Mchezo huu si karata tunazozijua za makopa na shupaza. Unaitwa Magic: The Gathering. Uliundwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ikaanza kuuza kadi zake mwaka 1993. Binamu yangu anayesoma Minnesota alikuja likizo ya Desemba akaniachia kadi kama mia moja ndani ya kopo la biskuti, zimefungwa kwa mipira. Kitabu cha sheria hakuniachia. Alinifundisha jioni tatu tu, kisha akarudi zake.

Kwa ufupi ni hivi. Watu wawili wanaketi wakitazamana, kila mmoja ana uhai 20. Kadi za ardhi ndizo zinazotoa nguvu ya kulipia kadi nyingine, na nguvu hiyo huitwa mana. Kwa mana unaita viumbe, au unatupa uchawi. Kila kiumbe kina tarakimu mbili pembeni: ya kwanza ni nguvu, yaani pigo lake, na ya pili ni ukakamavu, yaani pigo linaloweza kumuua. Dubu wa 2/2 anapiga mbili na anakufa akipigwa mbili. Kiumbe kikitumika unakilaza kadi yake ubavu, ukianza zamu yako unaziinua zote. Mwenye uhai kuisha ameshindwa.

Wenzangu watatu wa darasani waliupenda mchezo, nasi tukawa tunacheza saa ya chakula cha mchana nyuma ya maabara. Kiingereza cha kadi kilikuwa kinatuchelewesha, basi nikajipa kazi. Nilichukua kamusi na vikaratasi, nikatafsiri kadi moja moja na kubandika tafsiri nyuma kwa gundi. Lightning Bolt, ambayo kwa mana moja nyekundu inapiga pigo 3 popote upendapo, nikaiita Radi. Giant Growth, inayomwongezea kiumbe 3/3 mpaka mwisho wa zamu, ikawa Pandikizi, kama tusemavyo pandikizi la mtu. Grizzly Bears akawa Dubu, na Llanowar Elves, kijitu cha msituni cha 1/1, akawa Kibwengo. Nilijiona Shaaban Robert mdogo. Ndipo tukaja kukosana.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya likizo. Jirani yangu wa dawati alikuwa amebaki na uhai 5, na mbele yake kulikuwa na kiumbe kimoja tu, Kibwengo. Mimi nilikuwa na Dubu mezani, na mkononi nina Radi na Pandikizi, na mana ya kulipia zote mbili. Darasa zima la kidato chetu, au angalau nusu yake, lilikuwa limetuzunguka. Nikamtuma Dubu. Akamzuia kwa Kibwengo. Nikacheka kwa sauti, nikatupa Radi juu ya Kibwengo: kafa! Nikaweka Pandikizi juu ya Dubu: 5/5! "Njia nyeupe," nikamwambia. "Tano. Umeisha, ndugu yangu."

Yeye akatikisa kichwa. "Zii. Dubu wako ameshazuiwa."

"Amezuiwa na nani? Si mzuiaji amekufa?"

"Amezuiwa ni amezuiwa."

Nilimwita mwizi. Nilisema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba anabadilisha sheria kwa sababu hataki kushindwa. Nikakusanya kadi zangu, hata zile alizokuwa ameshika mkononi, nikaondoka kabla ya kengele. Tulifunga shule bila kuagana.

Jioni hiyo nilimwandikia binamu ujumbe mrefu wa kujitetea. Jibu lilikuja siku ya pili, fupi kama risiti: mwenzako yuko sawa.

Sasa msomaji, twende polepole, maana hapa ndipo somo lilipo. Vita katika mchezo huu si kitendo kimoja. Ni hatua tano, na kila hatua ikifungwa hairudi kufunguliwa. Ya kwanza ni mwanzo wa vita, kabla mtu hajatuma yeyote. Ya pili, mwenye zamu anatangaza washambuliaji, wote kwa mpigo mmoja, na kuwalaza. Ya tatu, mwenye kushambuliwa anatangaza wazuiaji wake. Ya nne ni mapigo yenyewe. Ya tano ni mwisho wa vita, ambayo mara nyingi hupita kimya kama ajenda ya "mengineyo" isiyo na mengineyo. Asipotangazwa mshambuliaji hata mmoja, hatua ya tatu na ya nne zinarukwa.

Kila baada ya tangazo, wachezaji wote wawili wanapewa nafasi ya kutupa uchawi wa ghafla kabla ya kusonga mbele. Mwenye zamu hupewa kwanza. Asiyetaka kutenda husema "napisha". Wakipisha wote wawili mfululizo na hakuna jambo linalosubiri, hatua inafungwa. Kwa hivyo swali la kujiuliza vitani ni kama mlango bado uko wazi. Nguvu za kiumbe wako zinakuja baadaye.

Hatua ya kwanza watu wengi huidharau, lakini ndiyo nafasi ya mwisho ya kumkatiza mshambuliaji kabla hajatumwa. Kuna kifaa kiitwacho Icy Manipulator ambacho kinaweza kukilaza kiumbe cha adui. Kitumie hatua ya kwanza, na kiumbe kilicholala hakiwezi kutangazwa kuwa mshambuliaji. Subiri mpaka kitangazwe ndipo ukilaze, umejisumbua bure: kinashambulia vilevile, tena kwa kawaida kimeshalala kwa sababu ya kushambulia. Kumlaza hakumtoi vitani.

Hatua ya pili ina siri ya -po-. Tulikuwa na kadi iitwayo Righteous Cause. Nilikuwa nimeitafsiri hivi: "Kiumbe kikishambulia, unapata uhai 1." Mtu angeona ni sawa tu. Lakini tazama. Nilikuwa pia na Hanweir Garrison, kikosi cha ngome cha 2/3, ambacho kila kinaposhambulia kinazaa wanajeshi wawili wa 1/1 ambao wanaingia mezani wakiwa wamelala na wakiwa tayari wanashambulia. Nikituma kikosi hicho peke yake, nipate uhai mmoja au mitatu? Kwa tafsiri yangu tulikuwa tunahesabu mitatu, maana wanajeshi wale nao si wanashambulia? Tulikosea. Kadi inasubiri tukio la kutangazwa. Kikosi kilitangazwa, basi uhai mmoja. Wale wawili hawakutangazwa na mtu, waliingia vita vikiwa vimeanza. Wanashambulia, naam, lakini hakuna wakati wowote ambapo walianza kushambulia.

Ndiyo maana nikabandua kile kikaratasi na kuandika upya: "Kila mara kiumbe kinapotangazwa kushambulia." Kiambishi -po- kinashika ule wakati wenyewe, pale tukio linapotokea. Na kadi zinazozungumzia hali badala ya tukio nimeziandikia -cho-: "kiumbe kinachoshambulia kinaongezwa 1/0." Hiyo inawahesabu wale wanajeshi wawili pia, kwa sababu haiulizi walianzaje, inauliza tu wako katika hali gani sasa. Nao -ki- nimeuwekea masharti: nautumia panapokuwa na "kama" ya kweli. Mwalimu alipoona orodha yangu alisema -ki- inaweza kubeba maana zote hizo katika mazungumzo, na ni kweli, hata nyumbani tunasema "ukifika nipigie" bila kugombana. Lakini mezani, pakiwa na uhai mmoja wa kushindania, mazungumzo hayatoshi.

Katika hatua hii ya pili pia ndimo wanamovizia wale viumbe wa ghafla. Kwa kawaida kiumbe huitwa katika zamu yako mwenyewe, nje ya vita. Lakini wengine, kama nyoka Ambush Viper wa 2/1, huweza kuitwa wakati wowote ambao uchawi wa ghafla unaruhusiwa, na pigo lake lolote lina sumu ya kuua kiumbe. Adui akishatangaza washambuliaji, unamtoa nyoka, na hatua ya tatu ikifika nyoka anazuia. Ukimtoa baada ya wazuiaji kutangazwa, atakaa pale kama mgeni aliyefika harusini watu wakikunja mikeka. Yuko mezani, anaona kila kitu, na hawezi kuzuia.

Tufike sasa hatua ya tatu, ile iliyonifedhehesha. Mzuiaji akitangazwa mbele ya mshambuliaji, yule mshambuliaji anakuwa kiumbe kilichozuiwa, na anabaki hivyo mpaka atoke vitani au vita viishe. Mzuiaji afe, arudishwe mkononi, ageuzwe jiwe, hali ile haifutiki. Dubu wangu alikuwa 5/5, mbele yake hakuna mtu, lakini amezuiwa: hampigi mchezaji, na kiumbe cha kumpiga hakipo. Pigo lake tano zilipotea hewani. Anayeepuka jambo hili ni kiumbe mwenye uwezo wa kukanyaga, ambaye pigo linalozidi kwa mzuiaji humfikia mchezaji. Huyo, mzuiaji wake akitoweka, pigo lote linapita. Dubu hana uwezo huo.

Ona sasa maajabu ya -me-. Tukisema "anazuiwa", tunafikiria kitendo kinaendelea na kwamba mzuiaji akiondoka kitakoma. Tukisema "alizuiwa", ni habari ya zamani, huenda sasa yuko huru. Lakini "amezuiwa" ni kama "mlango umefungwa". Aliyeufunga anaweza kwenda zake Mombasa, mlango bado umefungwa. Kitendo kilikwisha, hali yake ikabaki. Kiingereza cha sheria kinahitaji aya nzima kueleza jambo ambalo Kiswahili kinalimaliza kwa herufi mbili. Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeandika "kilichozuiwa" kwenye kikaratasi cha kadi nyingine. Jirani yangu alikuwa amekisoma. Mimi niliandika tu, sikusoma.

Tena lililo baya kuliko yote: mchezo ule nilikuwa nao mkononi. Kadi zilezile mbili, Radi na Pandikizi, zingenipa ushindi kama ningetupa Radi hatua moja mapema. Natuma Dubu, hatua ya pili. Kabla hajatangaza wazuiaji, Radi juu ya Kibwengo. Sasa hatua ya tatu inafika na hana wa kuzuia. Baada ya hapo Pandikizi, Dubu 5/5 hajazuiwa, uhai 5 umekwisha. Mimi nilingoja amzuie kwanza kwa sababu nilitaka watu waone Kibwengo akifa. Nilitaka makofi.

Usidhani basi kwamba kuwahi ndiko kuzuri daima. Pandikizi yenyewe hutaka kuchelewa. Chukua Dubu anamshambulia mtu mwenye Hill Giant, jitu la 3/3. Ukimkuza Dubu kabla ya wazuiaji, mwenzako anaona 5/5 na anaacha jitu lake likae pembeni. Ukingoja, anaona 2/2, anazuia kwa furaha akijua atamuua. Hapo ndipo unamkuza. Tangazo lake limeshafungwa, hawezi kulirudisha jitu nyuma. Kwa hivyo Radi kabla, Pandikizi baada. Kila kadi ina saa yake ya kutoka.

Na kuna kitu kinaitwa rundo. Uchawi ukitupwa haufanyi kazi papo hapo. Unawekwa kwenye rundo, na mwenzako anapata nafasi ya kujibu kwa kuweka wake juu. Wote wakipisha, wa juu ndio unaofanya kazi kwanza. Ni kama sahani ya chapati: ya kwanza kupikwa imekaa chini kabisa, ya mwisho ndiyo inayoliwa kwanza ingali moto. Sheria hii ya rundo iliingia mwaka 1999. Sasa sikiliza. Nikitupa Pandikizi juu ya Dubu wangu wa 2/2, na wewe ukajibu kwa Radi, Radi iko juu. Inafanya kazi kwanza, Dubu bado ni 2/2, anapigwa tatu, anakufa. Pandikizi inafika na hakuna wa kumkuza, inaishia kwenye kadi zilizotumika. Umeniua mmoja na kuniharibia mbili. Lakini wewe ukianza kwa Radi, na mimi nikajibu kwa Pandikizi, Pandikizi iko juu. Dubu anakuwa 5/5, Radi inampiga tatu, anajikuna tu. Kadi ni zilezile, mana ni ileile, watu ni walewale. Anayetangulia ndiye anayelia.

Siri hii jirani yangu aliijua kabla yangu bila kufundishwa. Alikuwa akishika Radi na kungoja, akinitazama usoni, mpaka nishindwe kuvumilia. Katika karata zetu za kawaida nyuma ya maabara pia ni hivyohivyo, mwenye kadi ya kujibu huitunza. Na pale tunapocheza sisi, mtu asipotangaza "niko kadi" zamu moja kabla ya kumaliza, hata akiziweka zote chini hajashinda. Tulikuwa tumezoea tayari kwamba neno lina saa yake. Mimi ndiye niliyesahau nilipoona kadi zenye picha za rangi.

Hatua ya nne sasa, mapigo. Siku hizi mapigo yote ya hatua hii hutolewa kwa pamoja, hayaendi kwenye rundo, wala hakuna nafasi ya mtu kusema "ngoja kidogo" katikati. Wakishapigana ndio mnafungua mdomo, na walioumia kiasi cha kufa wameshakufa kabla hujaufungua. Ukitaka kumwokoa kiumbe wako, mwokoe hatua ya tatu.

Zamani haikuwa hivyo. Kuanzia 1999 mpaka 2009 mapigo yalikuwa yanawekwa kwenye rundo kama uchawi. Kulikuwa na kizimwi kimoja mashuhuri, Mogg Fanatic wa 1/1, anayeweza kutolewa mhanga wakati wowote ili apige pigo 1 popote. Alimzuia Dubu, pigo lake 1 likawekwa kwenye rundo, halafu kabla halijatua mwenyewe anamtoa mhanga na kupiga 1 nyingine. Dubu anakufa kwa mbili. Kizimwi hayupo tena duniani, lakini pigo lake liko njiani! Mwaka 2009 sheria ikafutwa, na tangu hapo kizimwi huchagua: ama abaki apige vitani, ama ajitoe apige sasa. Mimi napendelea sheria mpya, ingawa ile ya zamani ilikuwa na ladha ya hadithi za mizimu. Badiliko jingine lilikuja Novemba 2024. Kabla ya hapo, mshambuliaji aliyezuiwa na viumbe wengi ilibidi awapange foleni mapema ili adui ajue nani atapigwa kwanza. Foleni hiyo imeondolewa, sasa pigo linagawanywa pale pale linapotolewa. Mtu akikufundisha mchezo huu, muulize alijifunza mwaka gani.

Hatua ya nne inaweza pia kupasuka mara mbili. Kuna viumbe wenye mpigo wa kwanza, kama White Knight, mpanda farasi mweupe wa 2/2. Akiwepo kiumbe wa namna hii vitani, kunakuwa na raundi mbili za mapigo. Wenye mpigo wa kwanza wanapiga raundi ya kwanza, waliosalia hai wasiokuwa nao wanapiga ya pili. Wenye mpigo maradufu hupiga zote. Dubu akizuiwa na huyu mpanda farasi, anauawa raundi ya kwanza akiwa bado anakunja ngumi.

Kinachonifurahisha ni ule mwanya kati ya raundi mbili. Watu hupewa nafasi hapo, na wachache wanaikumbuka. Tuseme lile jitu la 3/3 linashambulia, mpanda farasi wangu analizuia. Raundi ya kwanza analipiga mbili. Jitu limejeruhiwa lakini ni zima, na raundi ya pili litampiga tatu na kumuua. Hapo katikati, namtoa mhanga Mogg Fanatic: pigo moja juu ya jitu. Mbili na moja ni tatu. Jitu limeanguka kabla ya zamu yake ya kupiga, na farasi wangu anarudi nyumbani mzima. Ningechelewa mpaka baada ya raundi ya pili, ningemzika. Ukitaka kutega mtego hapo, jua pia kwamba kumpa kiumbe mpigo wa kwanza baada ya raundi ya kwanza kupita hakumnyimi pigo lake la raundi ya pili, na kumnyang'anya mpigo huo aliyekwisha piga hakumpi pigo la pili.

Nimebakisha kosa moja la tafsiri. Kwenye Pandikizi nilikuwa nimeandika "mpaka mwisho wa vita", kwa sababu tulikuwa tunaitumia vitani tu. Dubu wetu maskini walikuwa wakishinda vita na kufa dakika ileile: mtu anamkuza 5/5, anapigwa tatu na jitu, analiua, kisha vita vinaisha, anarudi 2/2 akiwa na majeraha matatu, amekufa. Tulizika dubu wengi sana muhula huo. Kadi yenyewe inasema mwisho wa zamu. Na mwisho wa zamu, majeraha yote na nyongeza za aina hii huondoka kwa pamoja, kwa wakati mmoja. Dubu anarudi 2/2 bila hata mkwaruzo. Neno moja, "vita" badala ya "zamu", na mnyama anakufa.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda na kopo la biskuti mpaka kwenye dawati letu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kuomba radhi, yenye methali mbili. Sikufika ya pili. Nilimwambia mbele ya walewale waliokuwapo kwamba Dubu alikuwa amezuiwa na kwamba yeye si mwizi. Akaniuliza kama nimerudisha kadi zake za mkononi katika hali zilivyokuwa. Nilikuwa nimezichanganya zote kwa hasira siku ile, mchezo haungeweza kuendelea. "Basi tuanze upya," akasema, "lakini mwamuzi ni mimi." Tangu siku hiyo vikaratasi vyote vya tafsiri hupita kwake kabla ya kubandikwa. Amenirudishia kumi na vinne mpaka sasa.

Zoezi moja la chama, jibu liletwe mkutano wa Ijumaa. Dubu wangu anashambulia, wewe unamzuia kwa Mogg Fanatic. Natupa Pandikizi juu ya Dubu. Kabla Pandikizi haijafanya kazi, unamtoa mhanga kizimwi wako na kumpiga Dubu pigo 1. Je, Dubu anaishi? Na uhai wako unapungua kwa ngapi? Majibu mpelekeeni jirani yangu wa dawati, si mimi.